Viatu vya Bwana Dunia

Mtaani walimwita Bwana Dunia, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Alikuwa ameizunguka dunia mara kumi na moja kwa meli ile ile, kubwa, nyeupe, ya abiria wenye nafasi zao, na ubishi wowote wa kinyozini kuhusu nchi za watu uliishia kwake. Akisema kule mvua hunyesha mchana tu, basi hunyesha mchana tu. Nyumbani mkewe aliwamiminia wageni chai na kuitikia, "Ndivyo."

Meli ilipostaafishwa, kampuni ikataka kitabu cha historia ya safari zake za kuzunguka dunia. Nahodha alishafariki, mpishi mkuu hasikii tena, kwa hiyo karani wa kampuni akaja kwa dobi. Maana Bwana Dunia alikuwa dobi. Hakulificha jambo hilo, ila hakulikazania.

Karani akafungua daftari sebuleni. "Haya mzee, tuanze na safari ya kwanza. Bandari ya kwanza kutia nanga, uliona nini?"

Mzee akakohoa. Hadithi alikuwa nazo tele: masoko, minara, mtu aliyelala na chatu. Lakini hizi zingechapishwa, na wenzake wa melini bado wako hai na kusoma wanajua. Mkewe naye yupo pale pale, anachambua mchele. Mzee aliogopa, tena sana. Mwanamke huyu alimngoja safari zote kumi na moja, akiwatambia mawifi kwamba mumewe anaijua dunia. Kuusema ukweli kungekuwa ni kumvua nguo mkewe mbele ya mgeni.

"Sikuona kitu," akasema.

"Safari ya kwanza?"

"Zote. Chumba cha dobi kiko chini kabisa, hakina dirisha. Meli ikifika bandarini ndipo abiria wanaleta nguo zote kwa mpigo. Wao wakienda kutembea, sisi tunapiga pasi."

Karani akaweka kalamu chini. Mke wa mzee akaendelea na mchele.

"Ila bandari ya kwanza udongo wake mwekundu," mzee akasema, "hautoki bila ndimu. Ya tatu mchanga mweupe, unajaa mifukoni. Safari ya saba, bandari ya tisa, mabibi wote walirudi na matope hadi magotini. Mvua iliwakuta mlimani."

Karani akapekua makaratasi yake. "Kumbukumbu za nahodha zinasema siku hiyo kulikuwa kukavu."

"Nahodha hakushuka. Sare yake ilikuwa safi."

Karani akaiokota kalamu.

"Safari ya nane," mzee akasema, "chumba kimoja cha juu kilileta nguo za watu wawili mpaka bandari ya tano. Baada ya hapo kikaleta za mmoja."

Adhuhuri karani aliondoka na daftari limejaa. Mzee akabaki ameinamisha kichwa. "Mke wangu, nimekudanganya miaka yote hii."

Mkewe akaingia chumbani, akarudi na viatu vyeusi. Alimnunulia mwenyewe kabla ya safari ya kwanza, ili asishuke kwenye nchi za watu na ndala za kazini. Akavigeuza. Soli zilikuwa hazina hata mkwaruzo.

"Nilijua," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri. Uliporudi safari ya tatu nikabandua lebo ya bei kwenye soli, dada yako asije akaiona."

Mzee aliona haya, kisha akaona anampenda kuliko siku ya harusi, mambo mawili ambayo hakuzoea kuyapata siku moja.

"Vaa," mkewe akasema. "Unitembeze."

Vilimbana vidole vyote. Walikwenda polepole, yeye akichechemea, mpaka mwisho wa mtaa. Kinyozi akatoa kichwa mlangoni, akauliza kulikoni, mbona viatu vya harusi siku ya kazi.

"Leo ameshuka melini," mkewe akajibu.