Hakuna Anayempita San Vito

Mwanangu Canio alitaka nikodi gari. Alilisema hilo mara nne katika mlo mmoja wa jioni, na mara ya nne akaniwekea simu yake mbele ya sahani nione picha: gari dogo jeupe, unalichukua hapa Potenza asubuhi, saa nne na nusu uko baharini.

"Leseni unayo, mama," alisema. "Macho unayo. Shida iko wapi?"

"Shida ni gari."

Aliirudisha simu mfukoni, maana anaijua habari yenyewe. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mwezi mmoja baada ya kumzika mama yangu, ilisomwa misa yake kwetu Marina, na baada ya misa kulikuwa na chakula nyumbani kwa dada yangu Nunziata. Gari letu lilizimika mlimani. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliingiza kichwa kwenye injini na mimi nikampigia dada simu. Nilimwambia, tunakuja, usitupe tambi. Akanijibu, "Tutaona."

Kwetu tambi hazitupwi kwenye maji yanayochemka mpaka mgeni aonekane mlangoni. Tambi hazimsubiri mtu, mtu ndiye huzisubiri. Kuzitupa kabla hajafika ni kumwambia kwamba hahesabiwi. Nilipoingia saa nane, sahani zilikuwa zinaoshwa. Yangu walikuwa wameibakiza mezani, imefunikwa kwa sahani nyingine, tambi zimeshikana zimekuwa donge. Sikuketi. Niligeuka pale pale mlangoni, na tangu siku hiyo mimi na dada hatukusemezana.

Nikiwasimulia watu hili hucheka, ati ndugu wawili wamegombania tambi. Wacheke tu. Angeninyang'anya shamba ningemsamehe mwaka huo huo.

Basi Jumamosi, kabla ya mlo ule na Canio, simu ililia, na ilikuwa sauti ya dada, imepungua kidogo.

"Ersilia. Nyumba nimeuza. Alhamisi binti yangu anakuja kunichukua, nahamia kwake Torino."

"Mbali," nikasema.

"Mbali. Jumatano nasokota tambi za mama. Saa saba."

"Saa saba."

"Ukija, uje," akasema, akakata.

Dada ana miaka themanini na mmoja, mimi sabini na tatu. Torino ni upande wa pili wa nchi, na sote wawili tulijua kwamba tusipokula pamoja Jumatano ile, hatutakula pamoja tena. Nilikaa jikoni na simu mkononi nikaona kwamba naogopa. Sikuogopa kumwona. Niliogopa kuchelewa.

Kwa hiyo gari, hapana. Gari lilinichelewesha mara moja, halitanichelewesha ya pili. Nilichukua bahasha ya bili ya umeme nikaandika safari yangu mgongoni mwake: treni ya saa kumi na mbili na robo kushuka bondeni, kubadilisha, treni ya pwani kwenda kusini, kushuka Torrescura saa tano na dakika arobaini. Halafu basi la saa sita na dakika tano kuteremka hadi Marina, robo saa tu. Canio alihakikisha kila kitu kwenye simu yake. Simu ilikubali. Nilijiwekea na sharti moja: sitampigia dada njiani. Nilishamwomba mara moja anisubiri. Simwombi tena.

Treni zilifika kwa wakati. Huwa tunazisema vibaya, lakini siku ile sina la kuzisema. Kutoka bondeni niliketi upande wa bahari, mkoba mapajani, ndani yake jibini la mlimani nimelifunga kwa kitambaa, maana mtu haendi mikono mitupu hata kwa aliyemkosea. Saa tano na dakika arobaini na mbili nilikuwa nimesimama nje ya stesheni ya Torrescura, kwenye nguzo ya basi.

Ratiba ilikuwa imebandikwa pale. Kando ya saa sita na tano palichorwa nyundo mbili zilizopishana, alama ya siku za kazi. Jumatano ni siku ya kazi. Nikasubiri. Ilifika saa sita na tano, ikafika saa sita na robo. Hapakuwa na basi, hapakuwa na gari lolote, na lililonitia wasiwasi zaidi, hapakuwa na mtu mwingine anayesubiri.

Baa ya stesheni ilikuwa wazi nusu. Ndani alikuwepo mzee mmoja anapangusa vikombe. Shati lake lilikuwa jeupe la kupigwa pasi na tai ilikuwa shingoni, Jumatano, katika joto lile. Jina lake Sabato, nililijua baadaye.

"Basi la Marina la saa sita na tano halijapita?" nikamuuliza.

"Jana lilipita," alisema. "Kesho litapita."

"Na leo?"

Aliweka kikombe chini akanitazama vizuri. "Wewe si wa huku, bibie."

"Nimezaliwa Marina," nikamjibu kwa ukali. "Nyumba ya tatu kutoka kanisani."

"Umezaliwa Marina. Halafu tarehe kumi na tano Juni unaniuliza habari za basi?"

Ndipo nikakumbuka. Damu ilinipanda usoni hadi masikioni.

"Sikukuu ya San Vito," nikasema.

"San Vito. Dereva wa basi mwenyewe yuko chini ya sanamu, bega la kushoto." Akatikisa kichwa, hana haraka. "Mwacha asili ni mtumwa. Barabara imefungwa tangu saa nne. Hata ungekuja na gari lako ungelilaza hapa."

Naungama, hilo lilinifurahisha kidogo. Canio na gari lake jeupe wangekwama pale pale nilipokwama. Simu yake inaijua dunia nzima, lakini San Vito haimjui. Mimi nilikuwa sina udhuru. Nilizaliwa chini ya kengele zake, na kila mwaka, hata baada ya kuolewa mlimani, nilirudi kumtembeza, mpaka ile siku ya tambi. Nunziata hakunitajia kwamba ni siku yake, maana nani wa Marina hutajiwa hilo? Miaka kumi na mmoja tu, nami nimemsahau mtakatifu wa kwetu. Niliona haya mbele ya mwenye baa nisiyemjua.

"Kwa miguu ni muda gani?" nikauliza.

"Kwa miguu yangu, saa nzima. Kwa yako, sijui ina nguvu gani."

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini na tano. Nikaanza kuteremka.

Nilikwenda vizuri. Barabara ni ya mteremko, ina mizeituni kila upande, na nilihesabu kwamba nikikaza mwendo nitachelewa kidogo tu, kiasi anachoweza kuvumilia mtu mwenye moyo. Nilikuwa sijamaliza nusu ya njia nilipokata kona na kukuta watu wamejaa barabara nzima, ukingo hadi ukingo, nami nikiwa nyuma yao. Mbele kabisa, juu ya vichwa, alikuwa San Vito na mbwa wake wawili wa mbao, anayumba polepole kwenye mabega ya wanaume kumi na sita. Alikuwa amelala katika kanisa dogo la juu, sasa anarudishwa kwake baharini. Bendi ilipiga hatua tatu mbele, mbili za kupumzika. Kila penye nyumba walimsimamisha, mtu akatoka kumbusu mguu, wakamnyanyua tena.

Nilijipenyeza hadi kwa mama mmoja mnene aliyetembea miguu mitupu na mshumaa mkononi.

"Samahani, nipishe. Nawahi."

"Wawahi wapi?"

"Natarajiwa saa saba. Dada yangu."

"San Vito naye anatarajiwa," alisema, "na humwoni akikimbia."

"Nipite kando tu, kwenye majani."

"Hakuna anayempita San Vito. Mwaka juzi meya alimpita, alikuwa na mkutano. Wiki hiyo hiyo akaumwa na mbwa."

"Mbwa wa nani?"

"Wa kwake mwenyewe," akasema mama yule, na wenzake nyuma wakaitikia kwa vichwa.

Nikakaa nyuma. Ningefanya nini? Hilo nalo nililijua tangu utotoni. Nikatembea mwendo wa mtakatifu, na viatu nilivyovichagua kwa ajili ya kupendeza vikaanza kunidai. Saa saba ilinikuta bado tuko kwenye mizeituni. Simu ilikuwa mkobani. Niliigusa mara mbili kupitia kitambaa cha jibini, nikaiacha. Tena nilijiambia, Nunziata ni wa Marina, mtakatifu akiwa barabarani hakuna mwanamke wa Marina anayetupa tambi. Fataki tatu ndizo hutangaza kwamba ameingia kanisani, na zikilia, kina mama wa mji mzima hunyanyua mikono na kutupa kwa pamoja. Kwa hiyo bado nilikuwa na muda, mradi nifike pamoja naye.

Sikufika pamoja naye. Kwenye kona ya mwisho, paa za Marina zikionekana, kisigino changu cha kulia kilikataa. Nilikaa kwenye ukuta wa mawe nikavua kiatu, na watu wakanipita, mama wa mshumaa akiwa wa mwisho.

"Sasa nawe umepitwa," alisema, kisha akaona kisigino. "Pole, dada. Taratibu."

Barabara ikabaki tupu. Nilikuwa bado nimekaa, kiatu mkononi, fataki zilipolia. Moja. Mbili. Tatu. Saa saba na dakika ishirini na tano. Nilijua kinachofanyika wakati ule nyuma ya kila dirisha la mji ule, hadi povu linavyopanda sufuriani. Nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Ningerudi stesheni, lakini kurudi ni kupanda mlima na kwenda ni kushuka, na mtu wa miaka sabini na tatu huamua mambo kwa visigino. Nikashuka, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.

Uchochoro wa kwetu ulinuka nyanya na nyama ya mbuzi. Vijiko viligonga sahani nyumba ya kwanza, vikagonga nyumba ya pili. Ya tatu, ya dada sasa, ilikuwa kimya. Nikawaza, ameshakula, hata kuosha ameshamaliza. Saa nane kasorobo. Nikasukuma mlango.

Ukutani hapakuwa na picha, zilikuwa zimeshafungwa kwenye maboksi. Meza ilikuwa na sahani mbili, safi. Kwenye kitanda cha wageni lilitandikwa shuka jeupe, na juu yake zimepangwa tambi za mama, ndefu, zilizosokotwa kwa waya wa mwavuli wake wa zamani, zimeanza kukauka ncha. Nunziata alikuwa amesimama jikoni katika mvuke, nywele zimemganda kwenye paji la uso, birika mkononi. Alikuwa amekuwa mfupi.

"Umemsahau San Vito," alisema bila kugeuka.

"Nimemsahau."

"Nilifikiri hivyo ulipokubali saa saba bila kunicheka, siku ambayo tunakula kwa fataki, si kwa saa."

"Fataki zimelia zamani, dada."

"Nimezisikia. Mimi si kiziwi." Akamimina maji ya birika ndani ya sufuria. "Nimeongeza maji mara tatu. Hii ya nne."

Alitua birika, akajifuta mikono kwenye aproni, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Na siku ile ningeweza kuongeza," akasema. "Maji yalikuwepo. Sikuongeza."

Akaenda kitandani, akakusanya shuka kwa pembe zake nne, tambi zote ndani, akarudi akalishika juu ya sufuria. Akanitazama sasa, kwa mara ya kwanza.

"Nitupe?"

Niliweka jibini mezani. Niliweka na kiatu, chini.

"Ngoja ninawe mikono kwanza," nikasema.

Nikanawa, kwa sabuni, hadi viwiko. Nikajifuta kidole kimoja kimoja. Naye akangoja, shuka mikononi, uso umelowa mvuke, wala hakuniambia nifanye haraka.