Mchele wa Wakwe

Dada yangu Emerensiana ana mdomo. Wakwe wa Kisukuma walipotuma salamu kwamba wanakuja kijijini kwetu Litapunga kujitambulisha, kwa kuwa kijana wao anamtaka Evaline, binti wa dada, yeye aliwajibu kwenye simu kwa sauti ya kusikika hadi kanisani: "Kwangu ugali hamtauona. Mtakula wali mpaka msaze!"

Na si kwamba hakujipanga. Aliagiza mchele kwa jirani yetu Optatus, akaagiza kwa Machibya, akaagiza na kwa Mariana, ili mmoja akikwama wengine wawepo. Nikamsifu. Tulisahau jambo ambalo hata kuku wa kijiji wanalijua: huku kwetu mtu halali na mpunga nyumbani. Ukishavunwa unapelekwa mashineni kwa Simon, unakaa kwenye stoo yake, unakobolewa ukihitajika.

Asubuhi ya ugeni Optatus akaja mikono mitupu. Mkanda wa mashine umekatika. Machibya naye, mkanda. Mariana hata hakufika mlangoni, alipaza sauti kutoka barabarani: "Mama Evaline, mkanda!"

"Basi nipeni mpunga wenyewe, nitwange!"

Stoo ilikuwa na kufuli. Simon alikuwa amekwenda Mpanda kutafuta mkanda, akaukosa, akaunganisha basi la Sumbawanga, na ufunguo mfukoni.

Dada alikaa chini jikoni akalia. Hakulilia wali. Alilia kwamba Evaline ataolewa kwa watu watakaomwita mtoto wa mama muongo. Iliniuma, ingawa kicheko nacho kilikuwa kinanitekenya.

Wakwe wakaingia kwa vigelegele. Nyanzala, mama wa kijana, akateremsha gunia kwenye bodaboda. "Tumewaletea mpunga wetu mpya. Tukasema tutaukoboa hapahapa. Si nyie mna mashine?"

Dada akaangua kicheko na machozi yakimtiririka, akaeleza yote, hata mdomo wake. Nyanzala akasikiliza mpaka mwisho, akavua viatu.

"Kinu kipo?"

Kilikuwepo, kuku anaatamia ndani. Tukamhamisha. Wazee wetu wakaanza kunung'unika kwamba mgeni wa siku ya kwanza hashiki mchi, lakini Nyanzala na dada walishaanza kupokezana, huyu akiinua, huyu akishusha.

Tulikula jua limeinama, wali wa chenga wenye pumba hapa na pale.

"Uliniahidi nitasaza," Nyanzala alisema akikomba sahani. "Mbona sijasaza?"

"Basi mimi muongo, mkwe wangu," dada akajibu, akamsogezea sahani yake.