Bibi Ksenia na Mchumba Kutoka Mongolia

Mwaka 2018 Mwatumu, muuguzi kutoka Tanga, alikuwa akimhudumia Bibi Ksenia nyumbani kwake katika mji wa Katy, ughaibuni. Bibi huyo alikuwa Mrusi wa ukoo mtukufu, na hata fundi bomba hakuondoka bila kuelezwa hilo.

Jumapili moja mjukuu wake, Vera, alimleta mchumba, mhandisi wa Kimongolia aitwaye Bataa.

"Wamongolia walitutawala zaidi ya miaka mia mbili," Bibi alisema. "Damu yetu safi haichanganywi nao."

Mwatumu alimpima presha, akaikuta imepanda. Akauliza kwa upole kitabu cha ukoo, ambacho Bibi alikipangusa kila wiki bila kukifungua, kinasemaje kuhusu babu wa kwanza. Bibi akamwamuru Vera asome kwa sauti, watu wajifunze.

Vera akasoma. Babu wa kwanza alikuwa Mirza Yusufu, jemadari wa Wamongolia, aliyehamia kwa mtawala wa Moscow, akabatizwa, akapewa ardhi na cheo.

"Yusufu?" alisema Mwatumu. "Hata mjomba wangu ni Yusufu. Karibu ukoo wetu, Bibi."

Bataa alicheka mpaka chai ikampalia. Bibi alimkazia macho.

"Na babu zako wewe walikuwa nani?"

"Wachunga kondoo, Bibi."

"Hapo ndipo penye tatizo," alisema kwa huzuni. "Umongolia ningeusamehe."

Harusi ilifanyika mji wa jirani, Sugar Land, mwezi wa Oktoba. Bibi alipita meza kwa meza akimtambulisha bwana harusi kuwa mwana wa mfalme.