Cheti cha Mchele

Nilichokiona kwanza ni kwamba karani hakutazama nyuso za watu. Alitazama miguu.

Mwaka ule wa vita chakula kilitolewa kwa cheti: Mwarabu mchele, Mwafrika unga wa mahindi. Baba yetu, Mwarabu wa Kishihiri, alikuwa ameshafariki. Mama ni Mkwere wa Fukayosi. Dada yangu Dija alikwenda kuandikwa amevaa makubadhi ya ngozi kama Waarabu, akapewa cheti cha mchele. Mimi nilikuwa nyuma yake, miguu mitupu, nikapewa cha unga. Baba mmoja, mama mmoja, meza moja ya karani.

Mtaa wetu wote wa Dunda ulicheka. Dija akawa kila jioni ananikaribisha chakula kwake, kwa Waarabu, nasi tumekaa mkeka mmoja. Ilipobaki miezi miwili aolewe, kicheko kikaisha. Wakwe wangekuja kutoka Mapinga, na mchele wa cheti kimoja, hata tukiuweka wote, usingejaza sinia mbili. Mama alisema kuliko kuwapa wakwe ugali siku ya harusi, bora ahame mji.

Basi, ili nikaandikwe upya kama Mwarabu, nikavishwa makubadhi ya Dija, buibui la Dija, na jina jipya, Kibibi. Mama akafuata nyuma na kikapu. Kwa kuwa mimi mbele za watu maneno hunikimbia, aliniagiza nisiseme kitu, niringe tu.

Sura yangu karani hakuikumbuka; hakupata kuiona. Alitazama makubadhi, akachovya kalamu. Kisha akaiona miguu ya Mama, imejaa vumbi, akauliza huyu ni nani.

Mama akawahi.

"Mpishi wao, bwana. Na huyu binti akikosa wali analia, nyumba nzima hatulali."

Karani akacheka, akaandika. Njiani Mama alitembea nyuma yangu makusudi, akiniuliza mbele ya watu, "Bibi mdogo, jua halikuunguzi?"

Harusi ilifana. Wakwe walikula mpaka ukoko. Hadi leo wanawake wakikutana humwomba Mama akisimulie kisa kile, naye huongeza chumvi, na mimi hucheka pamoja nao.

Hili sijapata kumwambia. Aliposema yeye ni mpishi, nilisogea hatua moja mbali naye. Hilo hakuniagiza. Nilisogea mwenyewe, na kwa muda ule mdogo, wino ukikauka, niliona raha.