Kati ya Nyota Mbili

Chumba changu cha kazi kiko chini ya ngazi za hospitali, pua na mdomo na stoo ya mashuka. Kitasa cha ndani kiling'oka zamani, kwa hiyo nikitaka kutoka nachokonoa mlango kwa mpini wa kijiko. Nimeshamwandikia fundi barua nne. Siku hizi kijiko nakitunza kuliko kitambulisho.

Kazi yangu ni skripti, programu fupi ya kompyuta niliyoiandika mwenyewe. Kila asubuhi wauguzi wa idara ya macho hunitumia orodha ya wanaosubiri upasuaji, nayo skripti huwatumia ujumbe wale waliofikiwa na zamu. Wauguzi wale wana desturi yao: mgonjwa akighairi au akihamia kwingine, hawamfuti. Humwekea nyota mwanzoni mwa jina na nyingine mwishoni, basi. Nami nikaandika ruwaza, mstari mfupi wa alama unaoiambia kompyuta: tafuta nyota, na chochote kinachofuata, hadi nyota, ondoa.

Mama mdogo, aliyenilea tangu nina miaka sita, alikuwa kwenye orodha hiyo. Presha ya macho. Jicho la kulia lilishakwenda. La kushoto, daktari alisema, litaokoka likiwahiwa. Kila asubuhi alinipigia simu.

"Mwanangu, hawajaniita?"

Nilitazama majina ambayo skripti imeyachagua siku hiyo. "Bado, mama."

"Nisije nikamuuliza muuguzi?"

"Usijisumbue. Mimi si nipo hapa?"

Tuliongea hivyo wiki saba.

Kisha muuguzi mkuu akateremka ngazi, akaniwekea karatasi juu ya kibodi. Ilikuwa orodha yenyewe, kabla haijapita kwangu, na majina kadhaa ameyazungushia kalamu nyekundu.

"Kaka, vitanda vyangu vinakaa vitupu. Hawa mbona hawaji?"

La tatu lilikuwa jina la mama mdogo.

Sikuhitaji kutafuta sana. Wiki saba nyuma, muuguzi mmoja alikuwa ameandika sababu ndefu ndani ya nyota zake, ikamwagikia mstari wa pili. Ruwaza yangu, ambayo ilikuwa haivuki mstari, ikashindwa kumwondoa mgonjwa huyo. Mgonjwa aliyeghairi akaitwa, ndugu zake wakaja juu, nikafokewa mbele ya watu. Kwa hasira, na chakula cha mchana kinanisubiri, nikairuhusu ruwaza ivuke mistari, nikaenda zangu kula. Sikuiambia isimame wapi. Ruwaza ya namna hiyo ina uroho: inakamata nyota ya kwanza, inakimbia hadi nyota ya mwisho ya ukurasa mzima, na kila kilicho katikati inakimeza. Waliokuwa juu na chini waliitwa vizuri, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Wa katikati walikuwa arobaini na mmoja.

Niliongeza alama moja, ili isimame kwenye nyota ya kwanza itakayokutana nayo. Alama moja tu! Nililia, sioni aibu kusema.

Mkuu wa kitengo, ambaye tunamwita Polepole, alikuja mwenyewe na kuubamiza mlango nyuma yake.

"Rekebisha kimya kimya. Watumie ujumbe leo, kama vile zamu zao ndiyo zimefika."

"Na waliokwisha kuharibikiwa?"

"Ukifungua mdomo tunazama wote. Halafu utakwenda wapi wewe? Alama hizo anazisoma nani mwingine hapa?" Akageukia mlango, akaupapasa. "Kijiko kiko wapi?"

Nikampa. Niliutuma ujumbe wote kama alivyotaka.

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza mama mdogo kwa daktari. Daktari alimmulika jicho muda mrefu, kisha akazima kurunzi.

"Umechelewa, mama. Mwezi uliopita ningeliokoa. Sasa nitajaribu tu kuubakiza mwanga kidogo. Kwa nini hukuja?"

"Hawakuniita, daktari." Akanipapasa goti. "Na siyo kwamba nilisahauliwa. Huyu mwanangu yumo humu humu, ananiangalizia kila siku. Yeye hawezi kunisahau."

Alilisema hilo kwa maringo. Nilikuwa nimepanga kukaa kimya, Mungu anisamehe, na pale nikashindwa.

"Ni kosa langu, mama," nikasema. "Niliandika mstari vibaya, ukakufuta. Wewe na wenzako arobaini."

Daktari aliiweka kurunzi mezani. Mama mdogo hakuondoa mkono gotini pangu, ila vidole viliacha kupapasa.

"Hao arobaini wanajua?"

"Hawajui. Mkuu amesema..."

"Mkuu hakukulea. Wako wapi?"

"Wengi wako nje, kwenye mabenchi. Wameitwa leo."

"Basi utawaambia, kama ulivyoniambia mimi. Mmoja mmoja. Nipe mkono."

Nilimpa. Alinishika kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, na nilijua hataniachia mpaka nimemaliza wote. Akasimama, akanyoosha kanga yake, akageuza uso kushoto, kisha kulia.

"Mlango uko wapi?" akauliza.

Ulikuwa wazi, hatua mbili mbele yake.