Dakika Kumi za Shemeji

Shemeji alipoingia ofisini kwangu kuniomba nimjengee seva, nilimtazama tu nikasema moyoni: za mwizi ni arobaini, na leo umejileta mwenyewe.

Sikuwa na sababu ya kumpenda. Alikuwa mume wa dada yangu mpaka alipomrudisha kwetu na begi moja na mtoto mwenye homa, kisha akabaki na kitu ambacho dada alikithamini kuliko makabati na vitanda vyote: kazi yake. Mama yetu alifia hospitali baada ya upasuaji, kwa sababu siku hiyo friji ya damu ilikuwa tupu, ilhali wiki iliyotangulia walikuwa wametupa mifuko ya damu iliyokaa mpaka ikaharibika. Dada ni mtakwimu. Aliapa kwamba hilo halitampata mama wa mtu mwingine, akakaa kwenye meza ya chakula, mtoto mapajani, akaandika programu ya kukisia hospitali itahitaji damu kiasi gani wiki inayokuja, na ya kundi gani. Shemeji akaichukua, akafuta jina la dada, akaweka lake na vyeo vyake vyote.

"Undugu ni kufaana, shemeji," akaniambia huku akivuta kiti bila kukaribishwa. "Wewe ndiye fundi wa mitambo hapa chuoni. Nitakwenda kwa nani?"

"Sema shida yako."

Alitaka seva ya pamoja kwenye wingu, yaani kompyuta moja kubwa ya kukodi iliyoko mbali, ambayo kila mtu anaingia kwa kivinjari, anakuta chumba chake na madaftari yake ya msimbo, yaani kurasa za kuandikia programu, anafanya hesabu zake bila kusakinisha chochote. Wanafunzi wake wangeitumia, lakini hasa aliitaka kwa ajili ya madaktari. Wangekuja chuoni kuiona programu ikifanya kazi. Wakiridhika, hospitali ingeanza kuitumia, naye angepewa uongozi wa idara.

Nilimjengea, tena vizuri, maana hata nikiwa na hasira sijui kulipua kazi. Nilikodi mashine, nikafunga mfumo, nikaandikisha watumiaji na kumpa kila mmoja nywila yake, nikagawa memori ili mlafi mmoja asimalize ya wenzake. Ikabaki kanuni moja. Kwenye seva ya namna hii, chumba kilichokaa kimya hujizima chenyewe ili kisishike nafasi ya bure. Daftari linabaki limeandikwa vilevile, ila hesabu zote lililokuwa limefanya zinapotea, na inabidi uliendeshe upya. Wengi huruhusu saa nzima ya ukimya. Mimi niliweka dakika kumi.

Nilimjua shemeji yangu. Mtu yule akianza kusalimia tu, chai inapoa.

Na nililijua daftari la dada. Daftari la msimbo limegawanyika visanduku, na kwa kawaida unaviendesha kutoka juu kwenda chini. Vya dada vinaanzia katikati, vinaruka chini, vinarudi juu, kwa sababu aliandika huku mtoto akilia, akipachika wazo popote palipokuwa na nafasi. Nyumbani tulimtania kwamba hata nguo angeanza kuishona mfukoni. Shemeji hakujua lolote. Enzi za ndoa dada alimwendeshea, yeye akaja kusoma jibu. Na hata sasa aliniambia, "Asubuhi hiyo niwashie kabisa. Mimi nikifika niongee tu."

"Usijali," nikamwambia. "Utaongea mpaka ushibe."

Siku ilipofika nilimwendeshea daftari kwa mpangilio wa dada, grafu zikatokea ukutani, naye akatabasamu kama bwana harusi. Madaktari waliketi mstari wa mbele. Mkuu wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani, kalamu tayari mkononi. Mimi nilikaa nyuma nimefungua ukurasa wa msimamizi, unaoonyesha vyumba vyote, na kitone cha kijani kwa kila kilicho hai.

Alianza na utoto wake. Akapita ughaibuni alikosomea, akataja wakubwa aliokula nao meza moja, akarudi utotoni kwa kitu alichokisahau. Kitone chake kikazimika. Sijawahi kufurahi namna ile. Niliinamisha kichwa nikauma kidole ili nisicheke.

"Sasa," akasema, "tuuulize mfumo wangu, wiki ijayo itakuwaje?"

Akabonyeza. Maandishi mekundu yakajaa ukutani. Akabonyeza tena, yakazidi. Akaanza juu kabisa, kisanduku cha kwanza kikamkatalia, na cha pili vilevile. Jasho likamtoka.

"Mtandao," akasema. "Si mnaujua mtandao wetu."

"Mtandao upo," akajibu yule mama, akitazama simu yake. "Hebu tueleze tu kwa mdomo. Hicho kisanduku cha kwanza kinafanya nini?"

Shemeji, bingwa wa maneno, akakosa hata moja. Mama akafunika kalamu yake. "Hii haijaiva. Tutaendelea kukisia kwa macho kama siku zote." Wakainuka wote.

Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini. Dada alikuwa jikoni anakausha vyombo. Nikamsimulia yote, nikamwigiza shemeji anavyopangusa jasho kwa tai, nikangoja acheke.

"Madaktari wamesemaje?" akauliza.

"Si nimekwambia? Wameondoka."

"Wamesema watafanya nini?"

Nikamwambia. Akaweka sahani chini taratibu, akakaa.

"Kwa hiyo umeizima."

"Nimemzima yeye, dada! Mwizi yule!"

"Yeye yuko kwake anakula. Mimi, tangu uliponiambia madaktari watakuja, nilikuwa naisubiri siku hii kuliko yeye." Akasukuma sahani pembeni. "Usidhani nimemsamehe. Sijamsamehe. Lakini lile jina nilikuwa tayari kulimeza, ilimradi waichukue. Kuna mtu amelazwa pale sasa hivi, mdogo wangu. Wewe umemwona shemeji yako tu."



Akaniomba nywila ya msimamizi. Mchana ule wote alikaa na daftari lake, akivipanga visanduku kutoka juu kwenda chini, mpaka hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuviendesha. Alipomaliza akanisogezea simu.

"Mpigie. Mwambie kosa lilikuwa la seva, umeshalirekebisha, awaombe madaktari warudi."

"Kwa jina lake?"

"Mpigie."

Nilipiga. Ningempata karibu ningemtafuna mbichi. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Nilijua tu," akasema. "Nimeshawaambia wakuu kwamba fundi wetu hajui kazi. Sasa niombe radhi vizuri, nikusikie."

Dada alikuwa amesimama mbele yangu, kitambaa cha vyombo bado begani, ananitazama mdomo.

"Nisamehe, shemeji," nikasema. "Nilikosea. Waite."