Dirisha la Jikoni Lisilo na Grili

Kaka mtu alikuwa na rekodi chafu. Mwaka jana alimwapia mdogo wake kwamba neno sufuria limetokana na mpishi mmoja aliyeitwa Sufu. Binti akalipeleka darasani kifua mbele. Tangu siku hiyo shule nzima humwita Sufu, hata mlinzi wa getini.

Sasa, asubuhi ya shindano la maneno ya nyumbani, lilibaki moja tu lililomshinda: dirisha. Ukurasa wake wa kamusi ulichanwa na mtu asiyejulikana, ambaye nyumba nzima ilimjua.

"Kiajemi," kaka akasema, mdomo umejaa mkate. "Asili yake mlango mdogo. Chai imeisha?"

Sufu akaweka kikombe chini kama hakimu. Mlango mdogo? Baba akishafunga mlango usiku, ni nani huingilia dirisha la jikoni kama si yeye? Baba ni fundi wa grili. Amechomelea madirisha ya mtaa mzima, ila la jikoni kwake atalimaliza "Jumamosi". Na leo dirisha limegeuka mlango! Akamuuliza mama.

"Hata mimi kaniambia hivyo hivyo juzi, mwanangu."

Shaka ikaota pembe.

Jukwaani, karatasi aliyookota ilisema: dirisha. Maana akazimwaga bila kupumua: la nyumba, la kukatia tiketi, la usajili wa wachezaji.

"Na asili yake?" mwalimu akauliza.

Akikosea, nafasi yake kwenye timu ya shule imekwenda, na jina jipya limezaliwa. Akamkumbuka yule mpishi: kaka alimpa kitambi, mke mkali, hata kaburi. Akidanganya, huleta mtu na ukoo wake. Dirisha hakulipa hata shangazi. Tena alikuwa anatafuna.

"Kiajemi. Mlango mdogo."

Ukumbi ukalipuka makofi.

Nyumbani kaka alimdaka mlangoni, akamkokota hadi kwa baba. "Mzee, bingwa huyu hapa. Haya, mwambie dirisha ni nini."

Kumbe! Msaada wote ule alikuwa anatafuta shahidi wa kumthibitishia baba kwamba yeye hupitia mlangoni.

"Ni mlango mdogo, baba," akasema kwa unyenyekevu mkubwa.

Baba akakuna kidevu. "Basi milango mimi hufunga." Akaenda kuchukua mashine ya kuchomelea, na wala haikuwa Jumamosi.

"Sufu, umeniponza!"

"Sufu ndiye nani?" bingwa akauliza, akimshikia baba grili isipinde.